Dakika Tatu

Bibi Meya, nimepewa dakika tatu,
na kikohozi changu kimeshakula robo.

Naitwa Wiebren Haitsma, nyumba namba kumi na saba
kando ya mfereji, ile yenye mlango wa kijani
uliobanduka rangi upande unaopigwa na upepo.
Miaka thelathini na minane nilirekebisha nyuzi za piano
makanisani na mashuleni, Friesland nzima.
Basi nisikilizeni
kama mnavyomsikiliza mwokaji akizungumzia unga.

Bwana Ruurd ametuonyesha mchoro.
Viwanja vinane vya padeli, kuta za kioo,
taa juu ya nguzo za mita sita,
baa, na maegesho ya magari mia na ishirini
pale wanapolisha kondoo wa Jeltje.
Ndani ya mchoro wamechorwa watu.
Nimewahesabu: arobaini na mmoja, wote wanacheka.
Hakuna mwenye mkongojo.
Hakuna aliyelala.

Mtaalamu wake amepima kelele,
akatuletea wastani.
Bibi Meya, bomba la bafuni likidondosha tone
kila baada ya sekunde nne,
kwa wastani bafu ni kavu.
Jaribu kulala.

Mvua hubembeleza. Hata treni ya saa nne usiku
huaga, ikaenda zake.
Lakini mpira ule husema po, unangoja,
po, po, unangoja,
na huko kungoja ndiko kunakoula usingizi.

Tumekusanya saini mia mbili na tatu.
Ya kwanza ni ya Jeltje,
ambaye mwanawe Sietse ndiye aliyeuza malisho.
Aliitia mezani, kijana akila supu mbele yake.
Hawajasemezana tangu Pasaka.

Ya mwisho ni yangu.
Mjukuu wangu Femke, miaka kumi na mitatu,
aliniuliza: Babu, hapa kuna nini cha kufanya?
Nikasema kuna mfereji, kuna baiskeli,
kuna utulivu.
Alitazama dirishani muda mrefu.
Utulivu ni wako, akasema.
Usiku ule sikulala,
wala hapakuwa na mpira.

Nami lazima niseme na hili, japo wenzangu watanikodolea macho:
tumeishi mtaa mmoja miaka na miaka
tukipungiana vichwa juu ya ua.
Sikujua Oebele hupika samaki vile,
wala kwamba mjane wa nyumba namba tisa
huweza kumwiga Bwana Ruurd, tai na yote.
Kimya kingi kina mshindo;
hatukujua mshindo wenyewe ni sisi.
Usiku wa kuandika pingamizi hili,
pingamizi dhidi ya kelele,
jirani alitugongea ukuta mara mbili.

Kwa hiyo sisemi watoto wasicheze.
Nasema: nyuma ya kiwanda cha maziwa,
kando ya barabara kuu,
kuna uwanda ambao malori yameshaumaliza
bila kumwomba mtu ruhusa.
Jengeni huko. Femke nitampeleka mwenyewe,
na nikishindwa kurudisha mpira, acheka.

Zimebaki sekunde ishirini.
Sizitaki kwa maneno.
Naomba sote tunyamaze.

...

Ile saa ya ukutani: mlio wa pili umepwaya kidogo.
Koti la mtu linateleza kitini.
Tumbo la Bwana Ruurd. Samahani, bwana, ni la binadamu.
Na huko nje, ng'ambo ya mfereji,
kondoo mmoja
ambaye hajaambiwa kwamba malisho yameuzwa.